Altrasaundi haikuona kidole tumbo, tumbo likafunguliwa likakutwa na usaha

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mdogo wangu wa kike ana miaka 19. Jumatatu alianza kuumwa tumbo kuzunguka kitovu, akakataa chakula, akatapika. Kituo cha afya walimpima mkojo wakasema ana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), akapewa vidonge. Jumatano maumivu yalikuwa yamehamia chini kulia. Hospitalini akapigwa altrasaundi, ikaandikwa "kidole tumbo hakikuonekana", tukarudishwa nyumbani. Alhamisi alfajiri alisema amepata nafuu, lakini jioni tumbo zima lilikuwa gumu na homa imepanda. Usiku huo akapasuliwa, wakakuta kidole tumbo kimepasuka na usaha umesambaa. Leo ni siku ya sita na kidonda kinatoa usaha. Je, altrasaundi ilikosea? CT skani ingesaidia? Usaha huu ni uzembe wa thieta? Na je, ataweza kuzaa? (Msomaji, Singida)

JIBU: Pole sana na kuuguza, dada. Nianze na altrasaundi, maana ndiyo inayowachanganya wengi, wakiwemo baadhi ya wenzangu. Karatasi ile haikusema kidole tumbo ni kizima. Ilisema hakikuonekana, na hayo ni majibu mawili tofauti kabisa. Kidole tumbo ni kijibomba chembamba kinachoota mwanzoni mwa utumbo mpana, na ncha yake huweza kulala popote: nyuma ya utumbo, chini kwenye nyonga, au katikati ya mikunjo ya utumbo mwembamba. Mawimbi ya altrasaundi hayapenyi gesi, na tumbo la mtu anayeumwa huwa limejaa gesi. Mpimaji akikiona kimevimba kupita milimita 6, hakibonyei na mgonjwa anaruka akikandamizwa hapo, jibu hilo lina uzito. Asipokiona, tumebaki pale pale tulipokuwa kabla ya kipimo, na uamuzi unarudi kwenye maelezo ya mgonjwa na mkono wa daktari.

Na maelezo ya mdogo wako yalikuwa yanaongea yenyewe. Kidole tumbo kinapoanza kuvimba, taarifa yake hupita kwenye mishipa ya fahamu ileile inayohudumia eneo la kitovu, ndiyo maana mtu huumwa katikati na hawezi kuonyesha kwa kidole kimoja. Uvimbe ukifika kwenye utando wa ndani wa ukuta wa tumbo, ambao una hisia kali, maumivu huhamia chini kulia na mgonjwa sasa anakuonyesha mahali penyewe. Daktari Charles McBurney wa New York alipaeleza mahali hapo mwaka 1889: ukitoka kwenye ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia kuelekea kitovuni, ni kama theluthi moja ya njia. Kuhama huko kwa maumivu ni dalili kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Mwaka 1986 daktari Alfredo Alvarado alitengeneza alama 10 za kumsaidia daktari: maumivu kuhama 1, kukosa hamu ya kula 1, kichefuchefu au kutapika 1, maumivu ya kukandamizwa chini kulia 2, maumivu mkono unapoachiliwa ghafla 1, homa 1, chembe nyeupe za damu kuongezeka 2, na aina fulani ya chembe hizo kuzidi 1. Akifika 7, mtu wa upasuaji anapaswa kuitwa. Jumatano mdogo wako alikuwa na alama 3 kwa maelezo tu, kabla hajaguswa wala kutolewa damu. Kwa wasichana, hata hivyo, alama hizi huzidisha, kwa sababu upande huohuo kuna ovari na mrija wa uzazi. Kwa hiyo kipimo cha mimba hakikwepeki kwa binti wa umri wake, hata akiapa vipi mbele ya mama yake. Mimba iliyotunga nje ya kizazi na kupasuka inaua haraka kuliko kidole tumbo.

Ile UTI nayo ina maelezo. Kidole tumbo kilichovimba kikilala karibu na kibofu au mrija wa mkojo, huwasha sehemu hizo na chembe nyeupe hujitokeza kwenye mkojo. Kipimo cha malaria nacho hutupoteza hivyohivyo: katika maeneo yetu mtu anaweza kuwa na vijidudu kwenye damu na bado tumbo lake lina ugonjwa mwingine unaohitaji kisu.

Nafuu ya alfajiri ndiyo inayonitia hofu kila ninapoisikia. Kidole tumbo kilichojaa usaha huuma kwa sababu kimetanuka. Kikipasuka, shinikizo hushuka na mgonjwa hupumua, hata huomba uji. Baada ya saa chache usaha ulioenea huchoma utando wa tumbo lote, na hapo tumbo huwa gumu kama ulivyoeleza.

CT skani ingesaidia, ndiyo. Hukiona kidole tumbo vizuri zaidi, na kwa wagonjwa wengi hutoa jibu sahihi. Lakini nisingependa ubebe mawazo kwamba bila CT mdogo wako asingeweza kugundulika mapema. Alichokosa Jumatano, kwa maoni yangu, ni kitanda. Mgonjwa mwenye dalili hizo na kipimo kisichotoa jibu hulazwa, huwekewa dripu, hupewa dawa ya maumivu, kisha daktari yuleyule, ikiwezekana, anamkandamiza tena tumbo baada ya saa 6 hadi 12. Ugonjwa huu haukai mahali pamoja. Ama unapoa, ama unajionyesha. Na ile imani kwamba dawa ya maumivu itaficha ugonjwa ipuuzwe. Tafiti zimeonyesha kuwa kumtuliza mgonjwa hakumfanyi daktari akosee zaidi, na mtu aliyetulia hupimika vizuri.

Utasikia pia kwamba siku hizi kidole tumbo kinatibiwa kwa antibayotiki tu. Ni kweli kwa baadhi, wale ambao hakijapasuka na wamethibitishwa kwa picha. Katika utafiti wa Finland uliowafuata wagonjwa miaka 5, karibu 39 kati ya 100 waliotibiwa kwa dawa waliishia kupasuliwa baadaye. Kwa mdogo wako njia hiyo ilikuwa imefungwa tangu Alhamisi.

Sasa kidonda. Kabla ya kulaumu thieta, fahamu kwamba tumbo lililofunguliwa likiwa na usaha lina vijidudu tayari, na mshono wa ngozi hupitia humohumo. Utafiti mkubwa wa upasuaji wa tumbo na utumbo uliohusisha nchi 66, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta maambukizi ya kidonda kwa wagonjwa 9 hivi kati ya 100 katika nchi zenye maendeleo ya juu, na 23 kati ya 100 katika nchi zenye maendeleo ya chini. Waliokutwa na usaha tumboni huathirika zaidi kila mahali. Hii haina maana kwamba hakuna la kufanya. Utafiti mwingine wa mwaka 2022, ambao Rwanda ilishiriki, ulionyesha kuwa timu ikibadilisha glavu na kutumia vifaa safi kabla tu ya kufunga tumbo, maambukizi hushuka kutoka karibu 19 hadi 16 kati ya 100. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO), inayodai antibayotiki itolewe ndani ya saa moja kabla ya kukata, ilijaribiwa katika miji 8 duniani, na Ifakara ilikuwa mmoja wao. Kwa ujumla madhara ya upasuaji yalishuka kutoka 11 hadi 7 kati ya 100. Una haki ya kuuliza, kwa upole, kama dawa hiyo ilitolewa kabla ya kukata.

Usaha unaotoka nje ya kidonda unasumbua ila kwa kawaida unatibika: nyuzi chache hufunguliwa, kidonda husafishwa kila siku na kuachwa kifunge kutoka chini. Usaha ukipata njia ya kutoka, nusu ya kazi imekwisha. Mwaka 1902 Mfalme Edward VII wa Uingereza aliahirishiwa kutawazwa siku mbili kabla ya sherehe. Daktari wa upasuaji Frederick Treves alimtoa usaha wa jipu la kidole tumbo, kidole chenyewe akakiacha, na mfalme akatawazwa Agosti.

Wasiwasi wangu uko kwenye usaha usioonekana. Kati ya siku ya 5 na ya 10, homa ikirudi jioni, akaharisha kidogo kidogo choo chenye makamasi, akawa anahisi haja muda wote bila kumaliza, au mkojo ukamuuma, inawezekana jipu limejikusanya chini kwenye nyonga. Hapo altrasaundi ina kazi nzuri ya kufanya. Msinunue antibayotiki nyingine duka la dawa. Arudishwe siku hiyohiyo. Vivyo hivyo tumbo likivimba, akitapika kijani na hatoi hewa.

Kuhusu kuzaa, mpe moyo. Tulikuwa tukiwatisha wasichana kwamba kidole tumbo kilichopasuka huziba mirija, lakini wasichana wa Sweden waliofuatiliwa hadi utu uzima walizaa kama wenzao. Akitaka mtoto siku moja na akachelewa, achunguzwe kama mwanamke mwingine yeyote.

Kabla hajaruhusiwa, ombeni maandishi yanayosema nini kilikutwa tumboni, nini kilitolewa, na kama nyama ilipelekwa maabara, maana mara chache huonekana kifua kikuu cha utumbo, kichocho au uvimbe. Karatasi hiyo itunzwe. Utumbo unaweza kushikana na makovu hata miaka mingi baadaye ukajifunga, na daktari atakayempokea usiku huo atataka kujua aliwahi kupasuliwa kwa sababu gani.