Laptopu ya GB 32: niache sehemu zipi za LibreOffice?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) huku Newala. Tumepata laptopu ya Windows 10 yenye diski ya GB 32, na nafasi iliyobaki haifiki GB 5. Nataka kuweka LibreOffice, zile programu za ofisi za bure, kwa ajili ya mihtasari ya vikao na hesabu za malipo ya wakulima kabla msimu wa korosho haujafunguliwa. Katikati inaniuliza nichague Typical au Custom. Nikienda Custom nikaondoa nisivyovihitaji, nitaokoa nafasi na bando?

Jibu: Kazi nzuri, dada karani. Nenda Custom, ila si kwa sababu uliyoitaja.

Bando kwanza. LibreOffice ya Windows inakuja kwenye faili moja la kama MB 350, na kila kitu kimo humo. Ukifika kwenye ukurasa wa kuchagua sehemu, bando limeshaliwa zamani. Lishushe mara moja tu, siku ukishuka Mtwara mjini au Masasi penye mtandao wa maana, kisha lihifadhi kwenye flashi. Usilifute hata baada ya kusakinisha, maana siku ukitaka kuongeza sehemu uliyoiacha, Windows inaweza kukudai faili lile lile.

Na nafasi? LibreOffice nzima inahitaji hadi GB 1.5. Wengi hudhani wakiondoa Impress (ya slaidi) na Draw (ya michoro) watapunguza nusu. Haiwi hivyo, kwa sababu Writer (ya kuandikia), Calc (ya majedwali ya hesabu), Impress na wenzao wanatumia mafaili makubwa yale yale ya pamoja. Ukiiondoa Impress, sehemu kubwa ya uzito wake inabaki pale pale. Mimi huziweka zote, hata Base (ya kutunzia orodha za data) ambayo watu huiondoa upesi kwa kuwa hawaijui. Siku utakapotaka barua moja iende kwa wanachama 200, kila barua na jina lake na kilo zake, orodha yako ya Calc itaunganishwa na Writer kwa kupitia faili la Base. Usichohitaji kukiweka ni Java, programu ya pembeni ambayo baadhi ya sehemu huitegemea: haihitajiki kwa Writer na Calc za kawaida.

Sasa sababu yenyewe ya kwenda Custom. Ukibonyeza Typical, kisakinishi hutazama lugha ya Windows yako na kuchukua kamusi za kukagua tahajia kwa kuifuata. Laptopu nyingi zinazoletwa kwangu zina Windows ya Kiingereza, kwa hiyo kamusi ya Kiswahili inaachwa kimya kimya. Unaandika muhtasari wa kikao, na ukurasa mzima unapigiwa mistari myekundu. Karani akishazoea wekundu huo haoni tena kosa la kweli, hata akikosea jina la mkulima. Inaniuma, kwa sababu kazi ya kuiwekea programu hii Kiswahili ni ya siku nyingi: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice.org, na LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice.org hiyo mwaka 2010. Kamusi ipo na ni bure, na huku kwetu haiwekwi.

Kwenye ukurasa wa Custom utaona orodha yenye picha ndogo za diski, kila moja na kishale pembeni. Yenye alama nyekundu ya X haitasakinishwa. Fungua Optional Components kwa alama ya kujumlisha, tafuta Dictionaries, shuka hadi Swahili, bonyeza kishale, uchague mstari unaosema sehemu hiyo iwekwe kwenye diski ya kompyuta. Bakisha na Kiingereza. Kamusi za lugha nyingine zinaweza kubaki na X.

Ukikuta chaguo la kuweka sehemu pale itakapohitajika, liepuke. Niliwahi kuitwa Lindi, kwenye ofisi moja iliyokuwa na programu ya zamani iliyosakinishwa kwa mtindo huo. Siku ya malipo watu wamejaa barazani, mhasibu anafungua sehemu ambayo hakuwahi kuigusa, kompyuta inadai CD ambayo hakuna aliyejua iliko. Tulimaliza hesabu kwa kalamu.

Kwa nafasi unayoitafuta, tazama kwenye Windows yenyewe. Fungua Disk Cleanup, bonyeza Clean up system files, uondoe mabaki ya masasisho. Huko unaweza kupata GB kadhaa kwa mkupuo. Lakini usiingie kwenye folda ya Windows ukafuta Installer kwa mkono kwa kuwa ni kubwa. Ukiifuta, baadaye utashindwa kusasisha au kuondoa programu zako, LibreOffice ikiwemo.

Kuwepo kwa kamusi peke yake hakutoshi. Fungua Tools, Options, Languages and Locales, kisha General (matoleo ya zamani yanaiita Language Settings), na lugha ya hati uiweke Swahili (Tanzania). Halafu ijaribu: andika kwenye Writer "mkutano wa wakluima", ukiacha kosa hilo makusudi. Mstari mwekundu ukija chini ya neno la mwisho tu, uko sawa. Ukipiga na "mkutano", hati bado inadhani unaandika Kiingereza. Bonyeza jina la lugha chini ya dirisha uibadilishe. Majina ya vijiji na ya wanachama itayapigia mstari tu, haiyajui. Hayo uyaongeze mwenyewe kwa kitufe cha kulia cha mausi, moja moja, kadiri unavyokutana nayo.