Umefungiwa kwenye seva na hujachiti? Usifungue akaunti ya pili, nieleze kwa nini

Mleta uzi anasema amefungiwa kwenye seva ya Minecraft, gemu ya kujenga kwa matofali, aliyoicheza karibu miaka miwili (seva ni kompyuta ya mbali ambako wachezaji wanakutana). Sababu aliyoandikiwa ni neno moja tu, "chiti", naye anaapa hajawahi kuchiti. Anauliza kama afungue akaunti nyingine aingie kimyakimya au aombe afunguliwe. Wadau wengi hapa mmemwambia afungue nyingine maisha yaendelee.

Mdogo wangu, usifungue. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa msimamizi wa seva, na kuna mtoto nilimfungia bila haki. Akaunti yake ya pili ndiyo iliyonifanya niamini kuwa ana hatia.

Mimi niko Kigoma mjini, Mwanga. Seva yetu ilikuwa ya kukodi, mashine yenyewe ipo Ujerumani, na tulikuwa tunachangishana kila mwezi kuilipia. Wachezaji walikuwa wa Kigoma, Kasulu, Mwanza, Dar, na wachache wa Bujumbura na Uvira. Wengi hawana kompyuta. Waliingia kwa simu kupitia Geyser, programu inayomruhusu mwenye toleo la simu kuingia kwenye seva ya toleo la kompyuta, na majina yao yalikuwa yanaonekana na nukta mbele.

Kati yao kulikuwa na dogo wa Ujiji, kidato cha pili, anayecheza kwa simu ya kaka yake jioni kaka akisharudi kutoka Kibirizi. Alikuwa anajenga stesheni ya Kigoma, ile ya Wajerumani, tofali kwa tofali. Kila akipita pale mjini alikuwa anasimama kuhesabu madirisha ili akirudi ayaweke sawa. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule kwangu lilikuwa jina tu lenye nukta.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zinazoleta intaneti ukanda wetu zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mnaokumbuka wiki ile mnajua hata ujumbe wa WhatsApp ulivyokuwa unazunguka tu. Pingi yangu, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, kwa kawaida ilikuwa kama milisekunde 200. Siku zile ilikuwa inapanda hadi 900, halafu unaganda kabisa.

Hapa ndipo naomba msome taratibu, kwa sababu huenda ndicho kilichokupata, mleta uzi. Seva ya Minecraft inakwenda kwa mapigo 20 kila sekunde, na simu yako inatakiwa kuiambia uko wapi wakati wote huo. Mtandao ukiganda sekunde tatu kisha ukaachia, taarifa za mapigo 60 zinafika kwa mkupuo. Wewe ulikuwa unatembea tu, lakini seva inaona mtu aliyekuwa hapa ghafla yuko kule. Programu ya kunasa wachiti inaandika: kasi isiyowezekana. Kama mtandao uliganda ukiwa katikati ya kuruka, inaandika: anapaa. Watu wa simu ndio wanaonaswa zaidi, maana mwendo wao unapotafsiriwa kwenda toleo la kompyuta haulingani sawasawa na ule ambao programu imefundishwa kuutegemea.

Dogo alinaswa mara kumi na moja kwa jioni moja. Msimamizi mwenzangu aliona orodha ile, akaandika "chiti", akamfungia moja kwa moja bila kikomo. Hakumuuliza kitu. Hakutazama pingi.

Dogo alifanya hivi mnavyomshauri mwenzenu. Alifungua akaunti nyingine, akaingia, akaandika kwenye soga: "Nataka kushitaki, nimefungiwa bila kosa." Ujumbe haukutokea. Akaandika tena. Akaandika mara ya tatu, mfumo ukamnyamazisha.

Sisi tulikuwa na kichujio cha matusi kilichokuja na orodha ya Kiingereza, na kilikuwa kinatafuta tusi hata likiwa katikati ya neno. Angalieni herufi nne za mwanzo baada ya "ku" katika neno "kushitaki". Kila mtu aliyetaka kushitaki, kila aliyeandika mashitaka, hata aliyesema ameshituka, kwa kichujio kile alikuwa ametukana. Hakuna kati yetu aliyewahi kuipitia orodha ile kwa macho ya Kiswahili. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko yote, kwamba mtoto alibisha hodi kwa neno sahihi kabisa na mlango wenyewe ukamhesabia kosa.

Usiku ule nikafungua ukurasa wa usimamizi. Nikaona akaunti mpya, imetoka kwenye anwani ileile ya intaneti (IP) ya mtu aliyefungiwa, matusi mara tatu ndani ya dakika mbili. Sikufungua kusoma matusi yenyewe. Nikapandwa na hasira, nikaandika amri ya /ban-ip, nikafunga anwani nzima, nikalala.

Kesho yake grupu liliwaka. Mtu wa Gungu haingii. Wa Kasulu haingii. Binti mmoja anayesoma chuo hapa mjini haingii. Hawajuani hata kidogo. Ilinichukua siku mbili kuelewa: mitandao ya simu haina anwani za kutosha kumpa kila mteja ya kwake, kwa hiyo inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kufunga anwani ya mtu anayetumia bando la simu ni kufunga mtaa mzima na wapita njia. Anayetumia intaneti ya nyumbani Ulaya unaweza ukampata yeye na familia yake. Hapa kwetu unawapata watu usiowajua, na mhusika mwenyewe akizima data na kuwasha huenda akapewa anwani nyingine akaingia.

Siku ya tatu au ya nne kaka yake dogo alinitafuta. Kigoma si mji mkubwa, aliulizia kwa vijana wa Mwanga akanipata karibu na soko. Hakuja kwa shari. Alinisalimia, akaniambia: "Kaka, sijui mambo ya gemu, ila huyu mdogo wetu tangu Jumapili hali vizuri. Kama amekosa niambie nimkanye. Kama hajakosa, naomba mumwangalie." Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikafungua kumbukumbu za seva kwa mara ya kwanza tangu jambo lianze. Pingi ya dogo wakati wa kila kosa ilikuwa juu ya 800. Yale matusi matatu nikayasoma. Nilikaa kimya muda mrefu.

Tulimfungulia siku hiyohiyo, nikamwomba radhi mbele ya wote, si faraghani. Lakini stesheni yake ilikuwa imeshavuliwa paa. Watu wakijua mtu amefungiwa daima wanaona mali yake haina mwenyewe. Bahati nzuri tulikuwa na CoreProtect, programu inayoandika nani aliweka au kutoa tofali gani na saa ngapi, na inaweza kurudisha nyuma. Tukafuta waliyofanya walioiba tu, ndani ya eneo lile. Masanduku mengine hayakurudi kamili.

Baada ya hapo tulibadilisha mambo. Aliyefungia hasikilizi rufaa, anasikiliza mwingine. Taarifa ya programu peke yake haimfungii mtu, lazima msimamizi aangalie kwa macho yake. Kufunga anwani tuliacha kabisa. Eneo la aliyefungiwa linalindwa hadi rufaa iishe. Orodha ya kichujio tuliiandika upya sisi wenyewe, jioni mbili nzima.

Sasa mleta uzi, upande wako. Kwanza jua nani kakufungia. Kama seva moja inakukatalia na nyingine unaingia, ni wenye seva. Kama huingii seva yoyote, hiyo ni kampuni ya gemu: tangu toleo la 1.19.1 la Julai 2022 mchezaji anaweza kuripotiwa kwao kwa alichoandika kwenye soga, na wakikufungia huingii hata seva binafsi. Huko rufaa ni kupitia fomu yao na msimamizi wa seva hawezi kukusaidia.

Kama ni seva, waandikie ujumbe mmoja. Jina lako la kwenye gemu, tarehe na saa uliyofungiwa, simu au kompyuta, mtandao gani, ulikuwa unafanya nini. Kisha waombe waangalie pingi yako ya saa ile, na wakwambie ni aina gani ya kosa iliyoandikwa: kasi, kupaa, kupigana, au kuona madini. Usiulize nani kakuchongea. Msimamizi akisoma "nani kanichongea" anafunga moyo, nilikuwa hivyo mimi. Usitume marafiki kumi wakuombee. Kiapo pia weka kando. Sisemi unadanganya, ila tulikuwa tunapokea viapo kila wiki na havikutusaidia kumtofautisha mtu.

Nikupe mfano. Kulikuwa na jamaa aliyeapa kwa Mungu wiki mbili kwamba hatumii chiti ya kuona kupitia mawe. Tukafuata njia aliyochimba. Almasi tangu toleo la 1.18 ziko nyingi chini kabisa, kwenye kina cha karibu -59, na mchimbaji wa kawaida anachimba njia ndefu iliyonyooka akibahatisha. Yake ilikuwa inakata kona bila sababu na kila kona inaishia kwenye almasi, mara tisa mfululizo. Tulipomwonyesha ramani alikiri. Alikaa nje siku thelathini, akarudi, na baadaye alikuwa mmoja wa watu wetu wazuri. Kwa hiyo kama kuna kitu ulifanya, hata kidogo, kiandike kwenye ujumbe huohuo wa kwanza.

Wakikataa kukuonyesha chochote baada ya ujumbe huo mmoja, subiri wiki, andika tena mara moja kwa msimamizi mwingine, si yule aliyekufungia. Uliza pia kuhusu ulichojenga, waombe wakilinde kwa sasa. Hilo watu husahau, na ndilo linaloharibika kwanza.

Hujasema ilikuwa saa ngapi na kama ulikuwa kwa simu. Weka hapa, na neno kwa neno walichokuandikia, ukifuta majina ya wasimamizi. Niko tayari kukaa nawe tuuandike huo ujumbe.