Picha za Ijumaa

Ndugu yangu, uliniuliza kwenye grupu la familia, mama na wajomba wakisoma: "Kila Ijumaa wewe ni bahari na maghorofa. Huko Doha kazi mnafanya saa ngapi? Na mimi nitafute ajenti nije?" Wajomba walicheka. Mimi sikucheka. Swali lako ni la haki, na picha zangu ndizo zilizokudanganya.

Mimi ni mlinzi wa jengo. Siku sita kwa wiki natoka kwenye kambi ya wafanyakazi saa kumi na moja alfajiri, basi linatuzungusha kushusha watu mmoja mmoja, narudi saa mbili usiku. Chumbani tuko sita, vitanda vya dabodeka. Tangu Machi 2021 mshahara wa chini kabisa hapa Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, malazi na chakula juu ya mwajiri. Wangu umepita hapo kidogo tu. Riyali 1,000 ni kama shilingi 35,000 za kwetu Kenya, na unajua ninachotuma kila mwisho wa mwezi, kwa sababu wewe ndiye unayempelekea mama.

Basi Ijumaa ndiyo yangu, na hata hiyo mwenzangu akiugua huchukuliwa. Nafua, nawapigia nyinyi simu, jioni napanda metro kwa riyali 2. Nashuka nitembee Corniche, njia ya kando ya bahari, majahazi upande huu, maghorofa ya West Bay ng'ambo ya maji. Au naingia sokoni Souq Waqif, nanunua karak, chai ya maziwa yenye iliki, nakaa kutazama watu. Sinunui kingine. Kuna Ijumaa tulifika mlangoni pa duka moja kubwa, vijana watatu wenye mashati yaliyopigwa pasi, tukarudishwa: leo ni siku ya familia, wanaume peke yao hawaingii. Aliyeturudisha ni mlinzi kama mimi, na alikuwa akitazama chini. Siku hiyo hukuona picha.

Kiangazi nacho usikiulize. Joto hupita nyuzi 40, na sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, tangu 1 Juni mpaka 15 Septemba. Ijumaa za miezi hiyo ni kitanda na kiyoyozi.

Lakini kuna picha moja ambayo haikudanganya, nayo nataka nikueleze vizuri. Ni ile ya Januari, ya ndege wa majini.

Jamaa mmoja wa Kakamega, dereva, aliazima gari. Tulichanga riyali 20 kila mtu, tukakaanga chapati usiku, tukaenda kaskazini kama kilomita 60, kupita Al Khor, hadi Al Thakhira. Njia nzima ni jangwa la rangi moja. Halafu ghafla kijani: mikoko, imesimama ndani ya maji ya chumvi, mizizi imechomoza matopeni kama vidole. Wenye pesa walikodi mitumbwi. Sisi tulikunja suruali tukaingia kwa miguu, maji ya vifundoni, baridi kweli kweli. Sikuwa nimekanyaga tope tangu nitoke Kaptembwo, mtaani kwetu Nakuru.

Mbele, kwenye maji mafupi, walikuwa wamesimama heroe. Flamingo, ndugu yangu! Wa huku ni warefu na weupe, waridi yao iko mabawani zaidi. Wengi wa kwetu ni wafupi, wamekolea rangi. Lakini shingo ni ile ile, na kichwa kinapinduliwa vile vile wakichuja chakula majini. Wenzangu walipiga picha wakasonga. Mimi nilikaa pale mpaka wakaniita mara mbili.

Unakumbuka darasa la sita tulipopelekwa juu ya Baboon Cliff, jabali la mbuga ya Ziwa Nakuru, ziwa lote limezungukwa na ukingo wa waridi wa heroe? Mimi ndani ya mbuga niliingia siku ile tu, na nilizaliwa karibu na ua wake. Niliporudi likizo, Nakuru imeshakuwa jiji, nilikuta migunga imekufa imesimama majini. Ziwa lilipojaa, magadi yalipungua ukali, mwani ambao heroe hula ukapungua, wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria. Mimi nimewafuata hadi Uarabuni bila kukusudia. Mama alipoiona picha hiyo alinipigia: "Umerudi Nakuru na hujaniambia?" Nilishindwa kumjibu mara moja.

Sasa kuhusu kuja. Sikukatazi wala sikuiti. Mimi nilimlipa ajenti kwa pesa za shamba la baba, na kazi niliyoikuta siyo ile niliyotia sahihi. Ukimpata wako, hakikisha kwanza amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usitoe hata shilingi kabla hujasoma mkataba wenyewe, mshahara ukiwa umeandikwa kwa riyali. Tangu 2020 sheria ya hapa inakuruhusu kubadili mwajiri bila ruhusa yake, lakini mwenzangu wa kitanda cha juu alisubiri miezi minne bila mshahara ndipo akahama. Hiyo minne tulimlisha sisi watano.

Ijumaa hii usingoje picha. Niko zamu.