Mwanangu, kuhusu vile vitabu vya baba yako

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tororo. Mvua imeanza, mahindi tumepalilia, na goti langu linaniruhusu kufika sokoni na kurudi. Ujumbe wako alinisomea mtoto wa dada yako, nikamwambia arudie. Unasema huko Kampala wewe na wenzako wa kazini mnakutana kila Ijumaa kusoma vitabu vya mafanikio, vilevile ulivyovichukua kwenye sanduku la marehemu baba yako, na unaniuliza kama bado vinafaa au vimepitwa na wakati.

Umri wa kitabu haunisumbui. Kile cha tajiri wa Babeli alichoandika George Clason ni cha 1926, cha Napoleon Hill, kile cha kuwaza na kutajirika, ni cha 1937, na kila nikija kwako naviona vimepangwa chini barabarani, vinanunuliwa. Sishangai. Karani wa reli ambaye mshahara wake unakwisha tarehe kumi, nani mwingine alikuwa anamwambia kwamba kesho yake iko mikononi mwake? Baba yako alivinunua Nairobi enzi zile reli ilipokuwa moja, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika 1977, akarudi navyo amevifunga kwenye shati. Hill anaagiza uandike kiasi cha fedha unachotaka na tarehe ya kukipata, ukisome kwa sauti unapoamka na kabla ya kulala. Basi mimi nililala upande wa ukutani miaka yote ile nikisikia Kiingereza gizani. Mwanzoni nilidhani anasali. Hata sasa sina hakika kama nilikosea.

Ila alichokishika kwelikweli ni cha Babeli: katika kila kumi unayopata, moja ni yako, usiiguse. Fungu la kumi la kwanza lilikwenda kanisani, la pili likaingia kwenye ule mkebe wa majani ya chai. Hata mwezi tuliokula muhogo mtupu liliingia. Nilinung'unika, lakini nilikuwa nahesabu naye. Kufikia mwanzo wa 1987 tulikuwa na bei ya mabati thelathini, na kuta zilikuwa zimesimama.

Mei mwaka huo ikatangazwa redioni kwamba fedha inabadilishwa: shilingi mia za zamani kwa moja mpya, na katika kila mia moja unayobadilisha, thelathini inakatwa kama kodi. Wakubwa walikuwa na sababu zao, bei zilikuwa zinapanda kila wiki. Mimi naongea habari ya mkebe. Baba yako alipanga foleni tangu alfajiri, na mimi nilimfuata na uji, wewe ukiwa mgongoni. Mabati thelathini yakawa ishirini na moja. Ndiyo maana chumba cha nyuma kilikaa na nyasi mpaka ulipoingia darasa la nne. Mlikuwa mnaniuliza kwa nini, nami nikiwajibu kwamba nyasi zina ubaridi mzuri.

Usiku ule alikaa kwenye kigoda, akatoa zile noti mpya alizobaki nazo mfukoni, akahesabu kumi, akarudisha moja kwenye mkebe. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisema, "Umeanguka, umeanguka Babeli." Maneno ya Ufunuo, mbele ya dada yako, kwa mtu ambaye tangu jana yake alikuwa na uji tu tumboni. Hakunijibu. Alitoka nje, akakaa kwenye tofali mpaka umande ukamlowesha. Asubuhi alikwenda kazini kama kawaida na hatukulitaja tena. Wewe unauliza kuhusu vitabu, na mimi kila nikiona jalada lile naona mgongo wa baba yako.

Nimeshawaambia mara nyingi, nasema tena: kitabu kile hakina jirani. Mtu anaamka peke yake, anaweka peke yake, anatajirika peke yake, hana shemeji mgonjwa wala msiba wa upande wa mama. Ada ya dada yako muhula ule aliilipa nani? Wanawake wenzangu wa sokoni. Zamu yangu ya kupokea mchango ilikuwa Agosti; walinisogezea Juni bila mimi kuomba. Hakuna aliyekuwa amesoma Babeli. Halafu dada yako akaja kunieleza kwamba hadithi zile zilianza Marekani kama vijitabu vilivyogawiwa na mabenki na makampuni ya bima. Nikasema, ndiyo, mwenye ghala lazima akuhimize uvune.

Lakini nikisema hivyo najiona namdhulumu. Kama asingeweka, tungebadilisha nini siku ile? Mabati ishirini na moja si kitu kidogo, na ninaandikisha barua hii chini yake. Tena siku ya msiba ulikuwepo, uliona: mbao za jeneza zilinunuliwa kwa fedha ya mkebe, kabla rambirambi ya mtu yeyote haijafika. Alikuwa bado anaweka, hata kwenye pensheni. Kisha jirani wakaja, wakachimba, wakapika siku nne. Sasa nani alimzika, kitabu au jirani? Nimeligeuza swali hili usiku mwingi na halilali.

Kwa hiyo sitakwambia usome wala uache, ingawa ulimi unaniwasha. Weka, mwanangu. Lakini ingia kwenye kikundi cha watu wanaojua nyumba yako.

Ukija Desemba niletee kile cha Hill. Karatasi yake imo katikati, ile ya kiasi na mwaka, kwa mwandiko wake. Usiisome mbele ya hao wa Ijumaa.

Mama yako.