Meli za kusimika mitambo ya upepo baharini: pesa iko wapi hasa?

Mgosi mwenye uzi ameuliza mambo mawili: hizi meli za miguu anazoziona YouTube zikisimika mitambo ya upepo katikati ya bahari zinapataje faida, na je, kijana wa Tanga mwenye cheti cha ubaharia anaweza kupenya huko? Nimefanya kazi sitahani kwenye meli za aina hiyo, Bahari ya Kaskazini, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Mwenye meli hauzi umeme. Upepo wa mwaka kesho uvume usivume, hasara si yake. Yeye anauza siku. Meli kubwa ya kisasa inagharimu zaidi ya dola milioni 300 kuijenga, halafu inakodishwa kwa siku, na kwa meli kubwa bei hiyo hupita dola laki mbili. Ukisikia hivyo unadhani wanachota tu. Ngoja.

Meli ikifika inashusha miguu na kujipiga jeki mpaka tumbo linatoka majini kabisa. Kabla ya kunyanyua chochote, miguu inakandamizwa kwa uzito mkubwa ili kuupima udongo. Hapo hakuna mzaha, maana tabaka gumu likiwa limelalia tope, mguu unaweza kutoboa ghafla na meli ikainama. Udongo ukikubali, inafuata nguzo, kichwa cha mtambo, kisha mapanga matatu yanayozungushwa na upepo, moja moja.

Mapanga ndiyo yanayokula siku. Pale Dogger Bank, Uingereza, ambako meli ya Voltaire ilianza kusimika mwaka 2023, panga moja lina mita 107. Upepo ukizidi kama mita kumi na kitu kwa sekunde, kazi inasimama. Tumewahi kukaa panga limeshafungwa kwenye kreni, watu wa kamba kila mmoja yuko nafasi yake, redio kimya, halafu sauti inatoka darajani, chumba cha kuongozea meli: rudisheni. Ukalirudisha kitandani mwake, ukafunga upya, ukaenda kunywa chai. Wakati wa baridi kali mchezo ndio huo siku nenda siku rudi.

Sasa swali la pesa ni hili: siku ya kunywa chai inalipwa na nani? Kama mkataba ni wa kukodi kwa siku, mara nyingi analipa aliyeikodi meli. Kama kampuni ya meli imekubali bei moja kwa kazi nzima, inakula kwake, isipokuwa siku za dhoruba walizokubaliana kabla. Kampuni mbili zenye meli zinazofanana zinaweza kumaliza mwaka mmoja anacheka mwingine analia, kwa ajili ya ukurasa huo tu wa mkataba.

Balaa la pili ni ukubwa. Vindeby kule Denmark, shamba la kwanza baharini, 1991, lilikuwa na mitambo 11 ya kilowati 450. Mtambo mmoja wa Dogger Bank ni megawati 13. Meli inajengwa ikae miongo, mitambo inaipita ndani ya miaka michache. Wind Orca na Wind Osprey, meli za kampuni ya Cadeler za mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilibidi zibadilishwe kreni ili ziendelee kupata kazi.

Marekani nako kuna kituko chake. Sheria ya Jones ya 1920 inazuia meli ya kigeni kubeba mzigo kutoka bandari yao hadi eneo la kazi. Kwa hiyo meli ya kusimika inakaa huko huko nje na mzigo unaletewa na matishari, kama tulivyokuwa tunashusha shehena hapa Tanga kabla gati halijachimbwa. Wakaamua kujenga yao, Charybdis. Hesabu ilianza na dola milioni 500, ikapita milioni 700.

Aliyesema huko juu kwamba tununue moja tusimike mkondo wa Pemba, pole sana mkuu. Miguu hii mingi inaishia kina cha mita 60 hadi 80 hivi. Mkondo ule unashuka mamia ya mita.

Kuhusu ajira: inawezekana, ila usiende kama fundi wa mitambo, maana hao huletwa na mtengenezaji. Wewe nenda kama baharia: mafunzo ya usalama ya STCW (viwango vya kimataifa vya mabaharia) pale DMI, chuo cha bahari Dar es Salaam, kitabu cha baharia, vyeti vya TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, na muda wa kutosha kwenye meli za kawaida. Ukiongeza kozi za GWO, umoja wa kampuni za upepo, za kupanda juu na kujiokoa majini, faili lako halitupwi haraka. Uzoefu wa kreni na kufunga mizigo unauzika kuliko cheti cha tatu cha kompyuta.

Na wakala akikudai pesa ya "nafasi", ondoka. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza. Mimi mmoja alinila nauli ya Ulaya nzima na simu akazima. Paspoti, kipimo cha afya na kitabu cha baharia unaweza kujilipia, hizo ni halali.

Mwenye faili tayari anaweza kuja PM, nimwambie lipi limekaa vibaya.