Ukitaka kupima harufu ya juisi ya pasheni, anzia sokoni

Wanafunzi wanaokuja kupima harufu ya juisi hapa Arusha huniuliza kwanza habari za mashine. Mimi huwarudisha sokoni. Kromatografia ya gesi, yaani mashine inayotenganisha molekuli za harufu na kuzipima moja moja, hupima kile ulichoiletea, basi.

Nunua soko la Tengeru asubuhi, ukichagua pasheni za zambarau zilizolingana kuiva. Zenye ganda lililoanza kujikunja kidogo ndizo zinazonukia. Juisi ibebwe kwenye chupa ya kioo, kwa sababu plastiki hunyonya baadhi ya molekuli za harufu, hasa limonini (limonene), yenye harufu ya machungwa.

Kwenye kukamua ndiko kazi nyingi huharibikia. Tunda likishasagwa, vimeng'enya vyake hukutana na mafuta ya kwenye seli pamoja na oksijeni, na ndani ya dakika chache huzaliwa heksanali, ile harufu ya majani mabichi. Juisi ikikaa mezani, utakuwa unapima kazi ya vimeng'enya. Kwa hiyo kamua juu ya barafu, chuja, kisha tia chumvi papo hapo, karibu gramu 3 kwa kila mililita 10. Chumvi nyingi kiasi hicho huvipunguzia vimeng'enya nguvu, na pia huzisukuma molekuli za harufu zitoke kwenye maji zipande hewani, ambako uzi wa kunasia harufu unazingoja. Tumia chumvi safi ya maabara, si ya jikoni yenye madini joto.

Mimi hupasha kichupa chenye juisi hiyo hadi nyuzi joto 40 za Selsiasi na kuacha uzi humo, juu ya juisi, dakika 30, kisha uzi huingizwa kwenye mashine. Muda wako unaweza kutofautiana na wangu, ila usiubadilishe kati ya sampuli na sampuli.

Majibu yakitoka, usivutwe na vilele virefu vya grafu peke yake; kila kilele ni molekuli iliyonaswa. Esta, yaani misombo yenye harufu ya matunda, kama ethili butanoeti na ethili heksanoeti zitaonekana wazi. Lakini pasheni ina pia misombo ya salfa, kama 3-merkaptoheksanoli, ambayo pua huikamata hata ikiwa chini ya mikrogramu moja kwa lita, huku mashine ikipita kimya. Ndiyo maana nasisitiza sana: nusa juisi kabla ya kuipima na uandike unachonusa. Daftari hilo nalithamini sawa na grafu.

Halafu, kabla ya sampuli ya kwanza, pitisha kichupa chenye maji na chumvi tu. Vilele vya siloksani (misombo ya silikoni) vitakavyotokea vimetoka kwenye uzi na vifuniko vya mpira. Vifute kwenye orodha ya pasheni.