Kutafuta ubatizo katika kanisa la kijiji Norfolk

Dada, umeuliza kama umwandikie kasisi wa kile kijiji cha kaunti ya Norfolk, Uingereza, ili upate kumbukumbu za ubatizo wa mababu wa mumeo wa miaka ya 1600. Usianzie kwake. Tangu kanuni ya Kanisa la Uingereza ya 1978, rejista kongwe kwa kawaida huhamishiwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti, kwa hiyo anzia Norwich, iliko hifadhi ya Norfolk.

Amri ya kuandika ubatizo, ndoa na maziko ilitoka 1538, lakini usishangae daftari likianza 1558. Mwaka 1598 parokia ziliagizwa kunakili karatasi za zamani kwenye madaftari ya ngozi, hasa kuanzia Malkia Elizabeth I alipoanza kutawala 1558, na nyingi hazikurudi nyuma zaidi (ningekuwa karani, nami ningeishia hapo).

Ukurasa ukiwa umeoza, omba nakala ambazo parokia zilimpelekea askofu kila mwaka. Za miaka ya 1640 na 1650 usizitegemee sana, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivuruga mengi.

Tena chunga tarehe: kabla ya 1752 mwaka ulianza 25 Machi, hivyo Februari 1680 daftarini ni Februari 1681 kwa hesabu yetu.